Muulize Fundi: Vijiti Viwili

Mwezi uliopita nilimjibu bibi mmoja aliyelalamika kwamba cherehani yake inaruka nyuzi. Nikamwambia sindano haina kosa, kosa ni la mguu: anakanyaga kwa mshtuko, anaacha, anakanyaga tena. Cherehani ya mguu inataka mdundo. Ningenyamaza hapo ningekuwa salama, lakini nikajigamba kidogo, kwamba mimi nayajua hayo maana miaka 27 nilipiga mkwasa kwenye kidumbak hapa Unguja, usiku, baada ya kufunga duka. Haya! Barua za suruali zinazobana zimekatika ghafla. Wote mnauliza mdundo. Nimechagua sita, na wenye magauni ya harusi wanistahamilie hadi toleo lijalo.

Kwa wasiojua, mkwasa ni vijiti viwili vifupi vinavyogonganishwa. Basi. Kidumbak, hiyo ngoma yetu ya harusini, kina fidla, kina sanduku la besi, kina vigoma viwili vya udongo, kina cherewa za vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, kina muimbaji anayeunganisha nyimbo saa nzima bila kupumzika. Halafu pembeni yupo mtu mwenye vijiti viwili ambaye hakuna anayempiga picha. Huyo ndiye mimi.

*Shikamoo Fundi. Naimba kwaya kanisani. Mwalimu wetu anasema tuna sauti nzuri lakini hatuna mdundo, na nikimuuliza mdundo ni nini anapiga makofi tu. Je, ni mapigo? Ni kasi? Ni mahadhi?*
*Sauti ya Pili, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako hajakosea kupiga makofi, tatizo anayapiga peke yake.

Pigo ni kitu kidogo: kijiti kimekutana na kijiti. Kasi ni hesabu, mapigo mangapi kwa dakika moja. Mahadhi ni njia ya sauti, inapopanda na inaposhuka. Hayo matatu unaweza kuwa nayo chumbani peke yako, mlango umefungwa. Mdundo mimi sikuukuta chumbani. Niliukuta uani kwa bibi yangu mzaa mama, Makunduchi, kwenye kinu cha mpunga.

Kinu kimoja, wanawake wawili, michi miwili. Mmoja akishusha, mwenziwe ameinua. Mchi mmoja mzito, wa pili mwepesi, kwa hiyo sauti hazifanani, na ukiwa umelala ndani unajua nani anatwanga na nani. Wakishapamba moto, mmoja anagonga mdomo wa kinu katikati ya pigo na pigo, kwa uchokozi tu, wala hakiharibiki kitu. Siku moja dada yangu mdogo akachukua mchi wa tatu akajitosa. Michi ikagongana juu, mpunga ukamwagika, kuku wakafurahi. Bibi hakumkemea. Alimwambia, "Ngoja kwanza usikie pako." Akamsimamisha palepale na mchi mkononi, wao wanaendelea kutwanga, mpaka mtoto mwenyewe akaanza kutikisa kichwa. Ndipo akaingia, wakawa watatu.

Sijapata maelezo yanayozidi hayo. Mdundo ni kungojana. Unapiga ukijua mwenzako atapiga wapi, naye anajua wewe utapiga wapi, na kila mmoja anamwachia mwenziwe pake. Ndiyo maana mpigaji akiharakisha tunasema anakimbiza, na akichelewa tunasema anaburuta. Yuko anayekimbizwa, na yuko anayeburutwa.

Alikuwepo Mholanzi mmoja, Christiaan Huygens, ndiye aliyebuni ile saa yenye uzani unaobembea. Mwaka 1665 alikuwa mgonjwa kitandani, hana la kufanya, akawa anazitazama saa zake mbili zilizotundikwa pamoja kwenye boriti. Akaona zinabembea kwa kupokezana: ya kwanza ikienda kulia, ya pili inakwenda kushoto. Akazivuruga. Baada ya kama nusu saa zikarudi vilevile. Kumbe boriti ilikuwa inatikisika, kidogo mno hata jicho halioni, na kwa mtikisiko huo saa moja ilikuwa inaisikia nyingine. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akaniuliza kama niko sawa. Kinu na michi, kule Ulaya, bila mpunga!

Sasa kwaya yenu. Simameni duara, fumbeni macho, mwalimu atoke nje. Anzeni wimbo. Anayekimbiza atajulikana kabla ya ubeti wa pili. Mkishamaliza kugombana, hesabuni moja hadi nane, sawasawa, na mpige kofi kwenye moja, nne na saba tu. Tatu, tatu, mbili. Wapigaji wa ngoma ya dumbaki wanaofuata Misri wanauita malfuf, na Wacuba wanao huohuo, wanauita tresillo. Ile mbili ya mwisho ni fupi, inakusukuma urudi kwenye moja kabla hujajiandaa, na hapo ndipo bega linapoanza kutikisika lenyewe. Wakishaweza, gawaneni: sauti ya kwanza wapige hayo makofi, sauti ya pili mkanyage chini kwenye moja na tano. Usimtazame mwenzako. Msikie.

*Babu Fundi, shikamoo. Natengeneza biti za singeli, muziki wetu wa mbio wa Dar, kwa kompyuta. Baba anasema singeli ni kelele, inakimbia mno, na kwamba mdundo wa kweli ulikufa na bendi za zamani. Mimi namwambia kompyuta haikosei kama walivyokuwa wanakosea wapiga ngoma wenu. Nani mkweli?*
*Kijana wa Manzese, Dar es Salaam*

Marahaba, mjukuu wangu. Nyote wawili mnagombania kasi, na kasi si mdundo. Singeli inakwenda mapigo 200 kwa dakika na kuzidi. Nenda kwenye hiyo shughuli yenu ukatazame miguu. Ni wachache wanaokanyaga kila pigo. Wengi wanakanyaga moja wanaacha moja, na kiuno kinakwenda nusu ya hapo. Mwili unajitafutia mwendo wake ndani ya ule wa mashine, kama mtu anayevuka barabara yenye bodaboda nyingi. Likiwemo pengo la kupita, mdundo upo. Mjukuu wangu wa damu alinipigia singeli moja dukani, na baada ya kukasirika dakika mbili nikasikia ndani yake kipande cha taarab kilichoharakishwa, kinazunguka tu kama kuku aliyekatwa kichwa. Nilikitambua. Sikusema kitu, lakini mguu ulikuwa umeshanisaliti.

Mkumbushe baba yako mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar, na kile kinanda kidogo cha Casio kilicholia kwenye spika za honi mpaka alfajiri. Nao waliambiwa ni kelele. Mwambie pia kwamba Sikinde na Msondo, majina anayoyaheshimu, yalikuwa ya ngoma kabla ya kuwa ya mitindo ya bendi.

La kompyuta kutokosea, hapo nakukatalia. Weka vidole kwenye kifundo cha mkono wako uhesabu moyo. Mtu mzima aliyetulia, unapiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Sasa vuta pumzi taratibu: unaharakisha kidogo. Itoe: unapunguza. Moyo wa kijana mzima ndivyo ulivyo, haupigi kama saa. Kompyuta haikosei kwa sababu haimngoji mtu. Muimbaji akivuta neno, mpiga dumbaki mzuri anavuta naye. Biti yako itamwacha kituoni. Si dhambi, lakini ujue nani anamfuata nani. Nimewasikia MC wenu wachache wanaolichelewesha neno kwa makusudi halafu wanaliangusha mbele kidogo ya pigo, na biti haina habari. Hao, ningekuwepo, ningeinuka kuwatunza.

Na upunguze sauti. Masikio hayana spea.

*Fundi, shikamoo. Nimezaliwa Muscat, wazazi wangu ni wa Unguja. Harusini wenzangu wakiinuka kucheza mimi najitolea kulinda mikoba. Nimeambiwa tangu mdogo kwamba mwili wangu hauna mdundo. Wapo watu wanaozaliwa bila?*
*Mlinzi wa Mikoba, Muscat*

Marahaba, mwanangu. Aliyekwambia hivyo alitakiwa aombe radhi.

Mwaka 2009 watafiti wa Budapest walichapisha habari ya vichanga wa siku mbili tatu. Waliwabandika vihisi kichwani wakiwa usingizini, wakawapigia mdundo wa ngoma, sawasawa, unarudi na kurudi. Kisha mara mojamoja wakaliondoa lile pigo la kwanza, ambalo wengine wote wanaliegemea. Ubongo wa mtoto ukashtuka. Wakiondoa pigo jingine dogo, haushtuki vile. Hebu fikiri: hajui jina lake, hajui mchana wala usiku, lakini alikuwa anangoja pigo, na lilipokosekana akajua. Wapo watu wachache mno ambao kweli hawalishiki pigo. Wewe lakini unaikimbilia mikoba kwa kuwa unajihisi uko nje. Anayejua yuko nje ameshausikia mlango ulipo.

Tena nikuambie langu, upate kucheka. Harusi moja Kikwajuni, mwaka wangu wa tatu au wa nne kwenye kikundi. Fidla imewaka, kina mama wamefunga kanga viunoni, na mimi na vijiti vyangu nimenona. Sinia la biriani likapita mbele yangu kuelekea kwa wageni wa bwana harusi, ambako sisi wapigaji hatukuwa na matumaini. Nililifuata kwa macho, hatua tano tu. Niliporudi, vijiti vyangu vilikuwa vimegeuka: kila pigo linaangukia pale panapotakiwa pawe kimya. Vijiti viwili, mwanangu! Sauti yake ukiwa barabarani huisikii. Lakini kina mama wakaanza kukanyagana, mmoja akasimama na kutazama miguu yake kana kwamba ameazima, muimbaji akageuka, na mpiga sanduku akanirushia teke la ugoko. Teke hilo lilitua kwenye pigo la kwanza, barabara kabisa, na nikarudi ndani kwa teke hilohilo. Mpaka leo nikinusa hiliki nauhisi ugoko.

Nilikuwa nadhani mkwasa ni pambo. Usiku ule nilijua kuna watu wanauegemea bila wao kujua, kama unavyoegemea ukuta.

Wewe usianze na kiuno. Kaa palepale na mikoba yako. Tafuta kinacholia chini kabisa: kwenye taarab ya kisasa ni gitaa la besi, kwenye kidumbak ni sanduku, ambalo ni sanduku la chai kweli, limefungwa fimbo na kamba moja. Hilo ndilo linalouambia mguu uende wapi. Liachie mguu, ndani ya kiatu, hakuna atakayeona. Ukishatulia, jaribu hili: hesabu moja hadi sita, rudia. Mguu ugonge kwenye moja na nne. Vidole juu ya mkoba vigonge kwenye moja, tatu na tano. Mguu unakwenda mbili, mkono unakwenda tatu, na vyote vinakutana kwenye moja. Ngoma ya chakacha inakaa humo. Itakuchukua wiki mbili na utawaudhi watu wa nyumbani kwa kugonga meza. Ukiweza hali umekaa, siku ya kusimama mtafute mwingine wa kulinda mikoba.

*Fundi, hujambo. Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani. Mwanangu wa skuli ananibishia kwamba bahari haina mdundo, kwa sababu mdundo lazima uwe sawasawa na maji kila siku yanachelewa. Nimemwambia nitamuuliza Fundi.*
*Mama wa Bamvua, Jambiani*

Sijambo, mama, na mwanao ana akili, usimpige. Maji yanachelewa kweli. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika kama 25, na kwa kuwa hujaa mara mbili, kila siku yanakuja nyuma kwa dakika kama 50. Yakipwa leo saa nne asubuhi, kesho mtegemee saa tano kasoro dakika kumi. Ila huko si kuchelewa. Dunia inazunguka mara moja kurudi pale ilipokuwa, inakuta mwezi umeshasogea mbele, basi inazunguka zaidi kidogo kumfikia. Maji yanaufuata mwezi, mwanao anaifuata saa ya ukutani. Mwambie abadilishe saa.

Tena juu ya hilo dogo kuna kubwa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta mstari mmoja na mnapata bamvua: maji yanakwenda mbali mpaka mwamba unaonekana, na hapa Unguja tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana pembeni, mnapata maji mafu, na kamba zenu za mwani zinabaki chini ya maji. Bamvua, maji mafu, bamvua, maji mafu, ndani ya siku 29 na nusu. Hilo ni pigo zito na pigo jepesi. Ni mchi wa bibi na mchi wa mwenziwe.

Mimi lakini najibishia mwenyewe. Nimesema mdundo ni kungojana, na bahari haimngoji mtu. Nimelala na swali hilo siku mbili. Naona hivi: bahari inapiga upande mmoja tu. Upande wa pili ni nyinyi. Tangu mwaka 1989, mwani ulipoanza kulimwa kibiashara huko kwenu na Paje, mpishi wa Jambiani hapiki saa sita kwa kuwa ni saa sita. Anapika kwa maji. Harusi inapangwa kwa maji. Mtoto anaachwa kwa jirani kwa maji. Wiki moja mnatoka alfajiri na vigingi na kamba begani, wiki nyingine mnatoka jua la utosi, na hakuna anayegonga kengele. Nilikuja huko kumpelekea mteja sare za skuli, nikakuta kijiji kizima kimefunga milango, watu wako ufukweni. Nilikaa barazani kwa muda wa saa tatu. Wote walijua pao, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nje.

Mwanao akibisha bado, mtoe nje usiku wa masika awasikilize vyura. Mmoja akianza, wa pili anajibu. Ukitupa jiwe wananyamaza wote, halafu yuko mmoja anayethubutu kwanza. Huyo ndiye kiongozi wa kikundi, na bila shaka halipwi.

*Fundi, kwa nini mashairi yahesabiwe mizani? Vina si vinatosha?*
*Mwanafunzi, Morogoro*

Kwa sababu shairi letu liliimbwa kabla ya kuchapwa. Mizani, yaani silabi, ni 16, nane na nane, na katikati unavuta pumzi. Utenzi ni nane tu kwa mstari, ndiyo maana unabeba kisa cha vita kizima na muimbaji hachoki. Imba mstari huu kwa sauti: *Kijiti kina mwenzake, pekee hakina neno*. Sasa ongeza "sana" mwishoni uuimbe tena. Umejikwaa? Hapo ndipo penye jibu, na mwalimu wako asikudai zaidi.

*Babu, mkwasa unachongwa kwa mti gani? Na bado unapiga?*
*Mdadisi, Mombasa*

Mti wowote mgumu uliokauka sawasawa. Mbichi haulii, unasema "pu" tu. Urefu wa shubiri moja, unene wa kidole gumba au kuzidi kidogo, na visilingane kabisa, kimoja kiwe kizito. Kile kizito kilaze juu ya kiganja ulichokikunja kama unakinga maji, kiguse ncha za vidole tu, maana uwazi ulio chini yake ndio unaotoa sauti. Wanafunzi wote wanakibana mwanzoni, wakidhani kitaanguka, na kinabaki bubu. Gonga kwa kile cha pili, katikati.

Kupiga harusini nimeacha. Kifundo cha mkono wa kulia kinaanza kulalamika baada ya dakika 20, na kidumbak hakijawahi kwisha kwa dakika 20. Dukani bado. Kijana wangu akishona pindo refu namgongea kwa mkasi pembeni ya meza, tatu, tatu, mbili, na nyuzi haziruki. Anasema kelele hizo zinamkera. Pindo zake hata hivyo zimenyooka.

Ukikosa mti, miko miwili ya jikoni inafaa kujifunzia. Omba kwanza kwa mwenye jiko. Mimi sikuomba, na nilinunua mipya minne.